Fidia Itangulie, Bendera Ifuate

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji, nipate kueleza jambo ambalo sisi wakulima wa bonde la Kilombero tumelijua kwa kulionja, na ambalo, maadam serikali imekwisha kuwatengea mabalozi wa nchi za nje viwanja katika makao makuu ya Dodoma, limekuwa sasa ni la taifa zima. Muradi wangu ni huu: ardhi itakayopewa dola ya kigeni ili ijenge ubalozi isikabidhiwe mpaka kila mwenye dai juu yake awe amesikilizwa, na anayestahili fidia awe amekwisha kuitia mkononi.

Sipingi balozi kujengwa Dodoma. Azimio la kuhamishia makao makuu huko ni la mwaka 1973, na tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahama kweli, ilikuwa dhahiri kwamba mabalozi nao watafuata. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; nami nauliza tu, huyo mwenyeji apone vipi ikiwa shamba lake ndilo karamu yenyewe? Ikumbukwe pia kwamba Dodoma si mji mgeni wa magomvi ya viwanja, kwani ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa mwaka 2017 baada ya wananchi kulalamika miaka mingi juu ya viwanja vyao.

Kwa nini nikazanie ubalozi, ilhali hospitali, kiwanda na barabara navyo huchukua ardhi za watu? Sababu imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi. Kwa mujibu wa mkataba huo, nchi mwenyeji inawajibika kuusaidia ubalozi upate mahali pa kukaa, na ubalozi ukishakaa, eneo lake halikanyagwi na askari wala karani wa mahakama bila ya idhini ya mkuu wake, wala halipekuliwi, wala halikamatwi kwa amri ya kutimiza hukumu. Kanuni hiyo ni njema, nasi twaifaidi kwa balozi zetu zilizoko ugenini. Lakini tuitazame kwa jicho la mkulima. Kampuni ikimdhulumu, dalali wa mahakama aweza kwenda kubandika karatasi mlangoni pa kampuni hiyo. Bendera ya nchi nyingine ikishapandishwa juu ya shamba lake, hata akishinda kesi hana wa kumrejeshea udongo ule. Kwa hiyo mahali pa kumtendea insafu ni kabla ya makabidhiano, na baada ya hapo mlango umefungwa kwa sharia za dunia nzima.

Huenda msomaji wa mjini akastaajabu, akasema: mwenye ardhi si anajulikana? Na aje kwetu ajionee. Wandamba, wenyeji wa kale wa bonde hili, aghalabu walikuwa na maskani yao mahali palipoinuka, na masika yakikaribia huteremka mabondeni kulima mpunga, wakajenga dungu la miti na kukaa humo kuamia ndege mpaka mavuno. Mpimaji akija kiangazi, wenyewe wamekwisha kupanda juu na magunia yao, haoni ila mabua makavu, kingo za majaruba zilizobomoka na nguzo za dungu zilizoinama, naye huandika katika daftari lake kwamba eneo ni tupu. Fauka ya hayo, ilikuja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakaondolewa katika mahame ya babu zao wakawekwa juu ya ardhi za wengine, hata ikawa shamba moja lina mwenyewe wa asili, lina aliyepewa na kijiji, na pengine lina taasisi iliyo na hati kutoka wizarani, na kila mmoja akiulizwa huapa kwamba ni lake, na wala hasemi uongo.

Mfano tunao hapa hapa wilayani kwetu. Katika miaka ya 1980 serikali ilishirikiana na Korea Kaskazini kuanzisha shamba kubwa la mpunga huko Mngeta, chini ya kampuni iliyoitwa KOTACO. Wakorea walipoondoka, ardhi ikabaki katika makabrasha ya RUBADA, mamlaka ya bonde la Rufiji, lakini juu ya udongo wenyewe watu waliingia, wakalima, wakajenga, wakazaa na kuzika. Mwaka 2008 eneo hilo la hekta zipatazo 5,800 likaingia katika mikono ya kampuni nyingine, Kilombero Plantations, na hapo ndipo ilipobidi kuulizana nani ni nani, nani alipwe, nani ahamie wapi. Malalamiko ya fidia hayakwisha, hata kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2019. Laiti maswali yale yangaliulizwa siku ile dola rafiki ilipokaribishwa, wala yasingalingoja zaidi ya miaka ishirini, watu wengi wangalipumzika, na mwekezaji naye asingalirithi magomvi asiyoyaanzisha.

Mimi binafsi nimeyaonja hayo kwa kadiri ndogo. Taasisi moja, nisiyoitaja kwa kuwa shauri lake lilikwisha, ilitaka eneo pembezoni mwa mji wa Ifakara, na kipande cha marehemu baba yangu kikawamo. Wathamini walikuja na kamba zao, wakahesabu miembe mmoja mmoja, huu unazaa, huu bado mche, wakapima banda la kuku na choo, wakaupaka ukuta wa nyumba alama ya rangi nyekundu, kisha wakatuonya tusiongeze hata tofali. Tukatii. Bati likatoboka hatukuliezua, mvua ikaingia ndani, misimu ikapita, na fidia ilipofika bei ya saruji na mabati ilikuwa imepanda hata pesa zile hazikutosha nyumba iliyo nusu ya ile. Hakuna aliyetupiga wala kututukana. Tuliwekwa tu mahali pa kungoja.

Na sharia, Bwana Mhariri, haina upungufu katika jambo hili. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Lohay Akonaay, ilihukumu kwamba haki ya kumiliki ardhi kwa mila ni mali, nayo inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, haifutwi bila ya fidia ya haki. Sharia ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba ardhi ya kijiji haihamishwi kuwa ya matumizi mengine mpaka yawe yameafikiwa aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na wakati wa kuilipa. Sharia imekwisha kutangulia. Kilichobaki nyuma ni utekelezaji.

Tena tazama jinsi tulivyo makini tunapokuwa sisi ndio wanunuzi. Jengo la ubalozi wetu mjini Roma, lililonunuliwa mwaka 2002, lilizusha kesi iliyomfikisha kizimbani aliyekuwa balozi wetu huko, Profesa Costa Mahalu, na Rais mstaafu Mkapa akaja mwenyewe kumtolea ushahidi, na mwaka 2012 mahakama ikamwachia huru. Bei, mikataba na risiti zote zilifunuliwa mbele ya umma. Uangalifu ule tulioutumia kwa jengo la Roma, kwa nini usitumike kwa shamba la mtama la mkulima wa Kigogo huko Dodoma?

Najua jibu litakalotolewa: kwamba ikisikika tu ubalozi unakuja, watu huvamia eneo usiku kucha, wakapanda migomba na kusimika vibanda ili wapate fidia. Ni kweli wapo, nami siwatetei. Lakini dawa ya wavamizi hao ni uwazi, kwani majirani wanajua nani alilima wapi na tangu lini, na orodha ikisomwa mbele yao mwongo huona haya. Mambo yakifanywa chini kwa chini, mwongo mwenye rafiki ofisini hulipwa, na mkweli asiye na mtu akasahauliwa.

Kwa hayo naomba wahusika watende mambo matatu. Kwanza, kabla ya kiwanja cha ubalozi kukabidhiwa, majina ya wote wenye madai yabandikwe katika ofisi ya kijiji au mtaa na yasomwe katika mkutano wa hadhara, na upimaji ufanywe katika msimu ambao wakulima wako mashambani. Pili, fedha za fidia ziwepo tayari siku ya kupima, na palipo na wadai wawili juu ya shamba moja, ziwekwe amana mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya liamue, ili ugomvi wao usiwe kisingizio cha kumnyima kila mmoja. Tatu, mabalozi wenyewe waombe waonyeshwe ushahidi wa maandishi kwamba hakuna anayedai, maana nao hawatapenda kila asubuhi kumkuta mjane nje ya lango lao akiwa ameshika karatasi ya uthamini.

Wizara ikiona kwamba haya ni mazito mno kutendeka, basi na itujibu katika gazeti hili hili, itueleze ni lipi kati ya matatu hayo ambalo sharia hailitaki.

Wako mtiifu,
Mkulima wa Mpunga,
Ifakara, Mkoa wa Morogoro.