Panya wa Maabara na Kijana wa Machimboni

Mzee mmoja wa Geita ametuletea barua ambayo tumeisoma zaidi ya mara moja. Mwanawe, kijana aliyekuwa mchangamfu, amerudi kutoka machimbo ya Nyarugusu akiwa mtu mwingine: usiku halali, chakula hakitaki, akisemeshwa hukasirika au hulia, na sala ambazo hakuziacha tangu utoto sasa huzisali kwa kusukumwa. Majirani wamesema karogwa. Mmoja kasema imani yake imepungua. Mganga wa upande wa Shinyanga amemwuzia mzee unga wa mizizi ya nengonengo, na juu yake amempa karatasi iliyopigwa chapa, isemayo kwamba wataalamu waliijaribu dawa hiyo kwa panya ikawaondolea huzuni. Mzee anatuuliza: karatasi hii ni kweli au ni uwongo?

Kabla ya karatasi, twataka kuwajibu majirani. Hali hii ina jina, yaitwa sonona, nayo ni maradhi. Humpata mcha Mungu na asiyekuwa mcha Mungu, kama vile homa isivyochagua. Mtume s.a.w. alituamrisha tujitibu, wala hakuyatoa katika amri hiyo maradhi ya moyo na akili. Kumwambia mgonjwa kwamba imani yake imepungua ni kumwongezea mzigo.

Ama karatasi, si uwongo. Mwaka 2006 wataalamu wa Nigeria walitangaza kwamba maji ya mizizi ya mti huo, ambao jina lake la kitaalamu ni Securidaca longepedunculata, yaliwafanya panya waonyeshe dalili zile zile wanazozionyesha wakipewa dawa za sonona. Lakini inafaa tujue panya huulizwa nini, kwa maana panya hawezi kusema kuwa ana huzuni.

Jaribio lililoenea zaidi lilibuniwa na Roger Porsolt na wenzake huko Ufaransa mwaka 1977. Panya hutiwa katika chombo kirefu chenye maji asichoweza kutoka. Kwanza huogelea kwa nguvu na kukwaruza kuta. Baadaye huacha, akaelea tu, pua ikiwa juu ya maji. Kwa panya wadogo jaribio huchukua dakika 6, na aghalabu huhesabiwa muda aliotulia katika dakika 4 za mwisho. Aliyepewa dawa ya sonona huendelea kupigania muda mrefu zaidi. Basi hapo husemwa: dawa imefaa. Lakini dawa za kuchangamsha mwili, hata zisizotibu sonona, nazo humfanya aogelee zaidi. Tena panya huonyesha tofauti katika muda wa saa chache au siku moja, hali mwanadamu anayemeza vidonge vya sonona hungoja wiki kadhaa ndipo aone nafuu. Wako wataalamu wasemao kwamba panya anayeelea hakukata tamaa, bali amejifunza kuhifadhi nguvu zake. Nasi twaona hoja hiyo ina uzito.

Paul Willner wa Uingereza alieleza njia nyingine mwaka 1987. Panya husumbuliwa kwa wiki nyingi kwa taabu ndogo ndogo: matandiko yaliyolowa, kizimba kilichoinamishwa, taa usiku kucha, halafu hutazamwa kama bado anapenda maji ya sukari. Panya aliyechoshwa hupoteza hamu ya utamu, na dawa humrudishia polepole. Hii yafanana zaidi na huzuni tuijuayo. Hatufichi kwamba roho hutuuma tusomapo habari hizi. Sisi tuliofundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka hatuwezi kuyahesabu maumivu ya mnyama kuwa si kitu. Mnyama akiisha kuteswa hivyo, lililo wajibu kwa uchache ni kusema kweli juu ya kilichopatikana, bila kuongeza.

Na mganga ameongeza. Mizizi ya nengonengo ina sumu kali, ijulikanayo na waganga wenyewe tangu zamani. Panya hupimiwa dawa kwa uzito wa mwili wake. Unga wa mganga wapimwa kwa kijiko. Imipramini, moja ya dawa za kwanza za sonona, haikujulikana kwa panya: Roland Kuhn wa Uswisi aliitambua kwa kuwatazama wagonjwa wenyewe hospitalini, akaeleza habari zake mwaka 1957.

Nasi twataka kijana huyu atazamwe vivyo hivyo, kwa kuwa katika barua mna maneno ambayo mzee ameyapitia mbio: mikono ya mwanawe hutetemeka, na kazi yake ilikuwa kuchoma madonge ya dhahabu na zebaki. Moshi wa zebaki huingia mapafuni ukafika mpaka kwenye ubongo. Huleta mtetemeko, kukosa usingizi, hasira na huzuni. Huko Rwamagasa, katika mkoa huo huo wa Geita, wachomaji wa dhahabu walipimwa katika mpango wa Umoja wa Mataifa, na miongoni mwao walionekana wenye dalili za sumu hiyo. Panya wa Nigeria hawakuvuta zebaki. Hata kama nengonengo ingekuwa salama, karatasi ya mganga haina jibu la maradhi ya namna hii.

Basi, mzee wetu, uweke unga huo mbali na kila mtu nyumbani. Mpeleke kijana hospitali ya mkoa, au Bugando huko Mwanza, umweleze daktari mambo matatu bila haya: huzuni, zebaki, na mizizi aliyokwisha kunywa. Akitaja kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, mpelekeni siku ile ile. Na lile karai lake la kuchomea, ambalo umetuandikia kwamba limehifadhiwa jikoni, litoeni leo, kabla wadogo zake hawajapikiwa tena humo ndani.