Ufagio Bila Daftari



Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Alipofariki, Masahaba walimzika pasina kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliulizia, akawalaumu kwa kutomjulisha, kisha akaenda kaburini kwake akamswalia.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu hapa kwetu Manyamanyama, mjini Bunda, ufagio uko mikononi mwa akina mama, lakini uamuzi hauko nao. Mama ndiye ajuaye kiroba hujaa siku gani, maganda ya ndizi yanakwenda kwa mbuzi wa nani, na chupa zipi zina mnunuzi. Hata hivyo, panapokaliwa kikao cha kuchagua mahali pa kuchimba shimo la taka, wakaao ni sisi wanaume. Matokeo yake shimo huchimbwa mahali pasipotusumbua sisi, na plastiki huchomwa jirani na jiko, moshi ukawaingia mama na watoto. Kisichochomwa husombwa na mvua, kikafuata mitaro kuelekea Ziwa Victoria, tunakovua kitoweo chetu.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, ilitupunguzia mzigo. Chupa za maji zingali zipo, na baada ya kila futari ya pamoja huzagaa uani mwa msikiti.

Kwamba akina mama wanaweza kuisimamia kazi hii si jambo la kujadiliwa upya. Jiji la Dar es Salaam lilipopanua ukusanyaji wa taka kwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990, vikundi vya wanawake vilikuwa miongoni mwa waliopewa mitaa ya kuhudumia na kutoza ada. Kule Nairobi, Nzambi Matee, mhandisi wa kike, anachanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika njiani, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtunuku kwa kazi hiyo.

Mtaji je? Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Mikopo hiyo haina riba, na hili kwa Muislamu si jambo dogo! Mlango wa kuanzia ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata.

Kwa upande wa msikiti, rai yetu ni kwamba chupa za futari na za walima zikabidhiwe akina mama wazichambue na kuziuza, na wao ndio waamue fedha iende wapi. Daftari la mauzo likae kwao. Mweka hazina wa kamati atakapolihitaji, aliombe, alisome, alirudishe.