Chembe cha Moyo si Moyo

Shangazi yangu wa Bumbwini aliletwa mjini kwa maradhi ya tumbo, akarudi kwao na vidonge vya moyo. Kisa hiki kina miaka kadhaa sasa, lakini kila nikikikumbuka hasira hunipanda upya, na ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Nilimpeleka mwenyewe. Hospitali sitaitaja wala mtu sitamtaja, kwani ninayotaka kuyasema si ya mtu mmoja. Daktari alikuwa kijana, mpole, na macho yake yalionyesha kuwa hakulala usiku ule. Akamuuliza bi mkubwa anaumwa na nini. Shangazi akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mwanangu, chembe cha moyo kinaniuma. Kinawaka kama kimetiwa kaa la moto, na nikiona chakula moyo wanichafuka."

Msomaji uliyelelewa Unguja umekwisha kuelewa. Chembe cha moyo ni pale mbavu zinapokutana, chini ya kifua na juu ya kitovu. Moyo kuchafuka ni kutaka kutapika. Mwanamke yule alikuwa amekwisha kulionyesha tumbo lake na mahali panapouma. Kijana wetu alisikia "moyo" mara mbili, akaandika moyo.

Kisha akauliza: "Na stuli yako ikoje, bibi?" Shangazi akanitazama mimi, akamtazama na yeye, akasema, "Mwanangu, mie kwangu sina stuli, nakaa mkekani." Tukacheka sote watatu na swali likapita. Kumbe lile ndilo lililokuwa swali! Lau angeulizwa choo chake kina rangi gani, angesema kuwa kwa siku tatu kilikuwa cheusi kama lami, na hakuna daktari asiyejua kuwa choo cha namna hiyo huenda ni damu inayovuja huko juu tumboni. Nami niliyekuwapo nilinyamaza. Niliona haya kutaja choo cha shangazi yangu, na niliona haya zaidi kumsahihisha mtu aliyesoma. Sehemu yangu ya lawama naichukua.

Akapimwa moyo kwa mashine, ukaonekana mzima. Hata hivyo, kwa tahadhari, akapewa aspirini ya kumeza kila siku. Aspirini ina kazi yake njema kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, lakini kwa mwenye kidonda tumboni huzidisha kutoka damu. Siku ya tisa shangazi alitapika damu. Akatiwa chupa mbili za damu, akashushwa mpira wenye taa kooni, na kidonda kikaonekana pale utumbo mwembamba unapoanza. Alhamdulillahi, alipona.

Nimewasimulia kisa hiki watu wa tiba wengi. Jawabu lao hufanana: Kiswahili hakiwezi mambo ya tiba, maneno yetu ni ya kienyeji, yanachanganya moyo na tumbo. Haya, na tuyatazame hayo maneno ya kitaalamu.

Mlango wa juu wa tumbo, chakula kinapoingilia, madaktari wa dunia nzima wanauita kardia. Ni neno la Kiyunani, na maana yake ni moyo! Waingereza nao wakishikwa na kiungulia husema, kwa lugha yao, kuwa ni moyo unaoungua. Basi Myunani akichanganya moyo na tumbo ni taaluma, na bibi wa Bumbwini akifanya hivyo ni ujinga?

Mwanzo wa utumbo mwembamba, kilipokuwa kidonda cha shangazi, huitwa duodeni. Wayunani wa Aleksandria waliupima kwa vidole, wakaona urefu wake ni upana wa vidole kumi na viwili, wakauita hivyo. Walatini wakafasiri kwa lugha yao, na Waarabu kwa yao, wakasema ithnaashari. Sisi tuna thenashara, na upana wa kidole kimoja wazee wetu waliuita wanda. Nyanda thenashara! Neno hilo tungeweza kuliunda barazani kabla ya kahawa kupoa. Na mlango wa chini wa tumbo huitwa pailoro, maana yake mlinda mlango. Waarabu wamesema bawabu, neno ambalo kila mtoto wa Mji Mkongwe analijua. Kile kijitumbo kinachopasuliwa kikivimba, jina lake la Kilatini ni kitu kilichoning'inizwa tu. Sisi twasema kidole tumbo, na anayelisikia huona na umbo lake. Kongosho, nyongo, bandama, ini, utumbo mwembamba na utumbo mpana: mauza nyama wa Darajani anavijua vyote na anakuuzia baadhi yake. Maneno ya kitaalamu yalikuwa ya kienyeji pia. Wenyeji wake tu ndio walioyathamini.

Nakubali kuwa si kila neno letu ni kali kama wembe. Tumbo ni kifuko cha chakula, ni matumbo yote, na ni mimba. Chango ni utumbo, ni mnyoo, na ni maumivu ya wanawake. Lakini dawa ya neno lenye maana nyingi ni swali la pili: juu ya kitovu au chini yake? Kabla ya kula au baada ya kula? Linakata, linasokota au linawaka? Maswali hayo hayagharimu hata senti moja.

Wala lawama si ya madaktari pekee. Sisi nasi siku hizi tunaona fahari kusema tuna "alsa". Mwenye kiungulia ana alsa, aliyekula urojo wenye pilipili nyingi ana alsa, aliyevimbiwa kwa futari ana alsa. Tumechukua neno la kigeni lenye maana moja, tukalifanya kapu. Na kwa kuwa jina halielezi kitu, tumelijaza imani: ati alsa huletwa na mawazo, ati haina dawa. La hasha! Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall waligundua bakteria wanaoishi tumboni, na ikaja kuthibitika kuwa vidonda vingi vya tumbo vinatokana nao. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, likamuuma tumbo, apate kuaminiwa. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vya namna hiyo huponywa kwa dawa za kuua bakteria pamoja na za kupunguza asidi, kwa kiasi cha wiki mbili. Ni wangapi Unguja wanaoishi na kidonda chenye dawa kwa sababu hakuna aliyewaeleza haya kwa maneno wanayoyajua?

Na asiniambie mtu kuwa haiwezekani. Kipindupindu kilipozuka mwaka 2015 na 2016, nani alitumia Kilatini? Watu waliambiwa wachemshe maji, wanawe mikono, na mwenye kuharisha na kutapika akimbizwe kituoni. Hofu ikizidi, Kiswahili kinaiweza tiba. Hofu ikipungua, hakiiwezi tena.

Mwaka 1928, Mombasa, wakubwa wa wakati ule walikubaliana kuwa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki kijengwe juu ya Kiunguja. Maneno ya mji huu yakasafiri hadi skuli za bara. Mwaka 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, nasi kila mwaka twaisherehekea kwa hotuba na ngoma. Lakini bibi aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo haeleweki akisema anaumwa na chembe cha moyo, tena hapa hapa kisiwani!

Siombi vitabu vya udaktari vitiwe moto. Daktari na aandike kwenye faili kwa lugha aitakayo, ili mwenzake wa nchi yoyote aisome. Naomba mambo mawili tu. Kwanza, wanaosomea udaktari na uuguzi hapa Unguja wafundishwe maneno ya mwili kama wanavyofundishwa mifupa, na wafanyiwe mtihani. Na anayetoka mbali apewe orodha siku ya kwanza ya kazi. BAKIZA wanaweza kuichapa, na wakikosa pa kuanzia waende Bumbwini. Pili, sisi tunaowasindikiza wazee wetu tuache haya. Choo ni choo, na damu ni damu. Daktari akikosea neno tumwambie pale pale, kwa adabu.

Shangazi yungali hai. Siku hizi akiingia kwa daktari, hata kama ni macho yanayomuuma, kwanza huweka kidole chini ya kifua chake na kusema: "Hapa, mwanangu, ni tumboni. Moyo wangu mzima."