Uyoga na kitunguu wapi na wapi?

Najua Jumamosi yako ni ileile, kulala mpaka saa nne halafu kijiweni kuhesabu magari ya watu. Mimi iliyopita nilijitosa Kisarawe na washikaji wawili. Unapanda daladala mpaka Gongo la Mboto, unaunganisha nyingine, basi.

Masika ndiyo kwanza yameanza na msitu wa Pugu unanukia udongo mbichi. Juu kima wanarushana matawini, chini nikamwona sange akifukua majani makavu. Ukimtazama haraka utasema panya, ila ana pua kama mkonga. Kwa taarifa yako, wataalamu wa vinasaba wanasema undugu wake uko kwa tembo, siyo kwa panya!

Humo hifadhini huchumi kitu bila kibali. Uyoga tuliufuata nje, kwenye mashamba ya mikorosho, nyuma ya shangazi yake mshikaji mmoja. Mama yule haangalii huku na huku kama sisi, anakwenda moja kwa moja kwenye vichuguu. Kumbe mchwa ni wakulima, bwana. Mle ndani wanapanda kuvu juu ya majani na miti waliyotafuna, kuvu inalainisha chakula, wao wanakula. Mvua ikilowesha ardhi, kuvu hiyo inachomoza juu, ndiyo uyoga wenyewe. Shangazi hakati shina. Anachimba taratibu kwa kijiti mpaka auone ule mzizi mrefu unaoteremka kichuguuni. Asipouona, anaupita.

Sasa mshikaji akaona uyoga mkubwa mweupe, wenye magamba ya kahawia, umejiotea kwenye majani. Akaukimbilia kama kaokota noti.

"Uweke chini, mwanangu."

"Shangazi, si tunauchemsha na kitunguu? Kikiwa cheusi ndiyo tunamwaga."

"Kitunguu kimesomea wapi uyoga?"

Tulicheka, yeye hakucheka. Akatuambia ujanani alimzika jirani yake kwa mboga ya namna hiyo. Na kweli, kuna uyoga ambao sumu yake haifi kwa moto. Unakula leo, unakaa saa 6 hata 24 huna habari, ndipo kutapika na kuhara kunaanza. Halafu unapata nafuu, unajiona umepona, kumbe ini ndiyo linakwisha. Ukihisi umeula, kimbia hospitali na mabaki yake hata kama tumbo limetulia. Na usinipe habari za "nyani kaula hakufa". Tumbo la nyani si lako.

Saa mbili nzima tulipata nusu kapu tu. Shangazi akaupika kwa nazi, na ugali. Mshikaji aliyenuna njia nzima alikula sahani mbili, na Jumamosi hii anarudi tena. Kashaniomba nauli.