MGONJWA SI TANGAZO

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi baada ya hapo umma ulitangaziwa maradhi haya kwa vitisho vya mauti. Watu waliogopa, ni kweli. Lakini waliogopa nini? Hawakuiogopa zinaa, walimwogopa jirani aliyekonda.

Watasema wenye kampeni: bila ya kuaibishwa, watu hawaachi. Tunawajibu kuwa wamechanganya mambo mawili. Tangazo la "Fataki", lililovuma redioni kuanzia mwaka 2008, lilimkemea mtu mzima anayewarubuni wasichana. Kilichoaibishwa pale ni kitendo, nasi hatuna ugomvi nalo (ingawa vijiweni jina lenyewe liligeuzwa mzaha). Ama bango linalomfanya mgonjwa kuwa mauti yanayotembea, hilo linakemea kitendo gani? Mke aliyeambukizwa ndani ya ndoa ya halali, mtoto aliyezaliwa na virusi, hao watubie lipi?

Wala tusiwanyooshee kidole watu wa afya peke yao. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imekataza unyanyapaa; mimbari zetu je? Katika msikiti mmoja wa huku bondeni tumemsikia khatibu akisema kwamba ugonjwa huu ni laana iliyowashukia wavuvi wa Ziwa Rukwa. Safu ya nyuma walikaa wavuvi.

Khatibu huyo amesoma, na bila shaka anaijua hadithi ya mlevi aliyeletwa kwa Mtume (S.A.W.) akaadhibiwa. Baadhi ya waliokuwapo walipomwapiza, Mtume aliwakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Huyo ni mwenye dhambi iliyothibiti! Sembuse mgonjwa, ambaye hatujui maradhi yamemfikia kwa njia gani? Na aliyekufa kwa tauni, hadithi sahihi zimemhesabu kuwa shahidi.

Madhara yake si ya maneno tu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bila malipo nchini mwaka 2004. Anayezitumia barabara, hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Lakini yuko mtu wa Mtowisa anayekipita kituo cha jirani, akapanda milima ya Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga, ili asionwe na wanaoswali naye. Masika barabara ikiharibika, dawa humwishia. Aliyemzuia ni nani, mvua au sisi?

Kwa hiyo tunamtaka khatibu yule arudi kwenye mimbari ile ile, siku ya Ijumaa, mbele ya safu zile zile, ayafute maneno yake kwa sauti aliyoyasemea.