Aliyependwa na Wote Alipigwa Risasi na Nani?

Gitega alikozaliwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, na Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, kauli ni ile ile: alipendwa na wote. Mimi napinga.

Mwaka 1960 Wabelgiji walimweka kizuizini. Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba aliuawa Usumbura, na miongoni mwa waliohukumiwa walikuwemo Warundi wenzake, viongozi wa chama cha PDC. Naye Askofu Mkuu Michael Courtney wa Ireland, balozi wa Papa, tunamsifu vivyo hivyo; alipigwa risasi Minago tarehe 29 Desemba 2003, akihangaikia amani yetu.

Wanafunzi wenzangu, sifa hii inatusafisha sisi, si marehemu. Kama wote walimpenda, hatuna haja ya kuuliza chuki ile ilitoka wapi, wala kama bado tunayo. Kila Oktoba tunaweka mashada, kisha tunarudi nyumbani. Marehemu ni rahisi kumpenda, kwani habishani tena. Anayestahili upendo huo ni yule anayetupinga leo, angali hai.