Mama Mjamzito Asinyamazishwe



Liko neno moja ambalo mwanamke wa kandokando ya Ziwa Viktoria huambiwa mara kwa mara afikapo mwezi wa saba, wa nane na wa tisa wa ujauzito wake, nalo ni hili: vumilia. Akisema uso umevimba, huambiwa avumilie. Akisema hapati usingizi kwa hofu ya siku ile inayokuja, huambiwa kwamba yeye si wa kwanza kubeba mimba wala hatakuwa wa mwisho. Akisema mtoto tumboni hachezi kama alivyocheza juzi, huulizwa tangu lini amekuwa daktari. Mume humwambia hivyo, mama mkwe humwambia, muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni humwambia. Na tusifichane: hata mimbari zetu humwambia, kila tunaposifu uvumilivu wa akina mama bila kuuliza wanavumilia nini.

Neno hilo, likitumiwa namna hiyo, ni dhuluma. Natumia neno zito kwa makusudi. Dhuluma ni kumnyima mtu haki yake, na mama aliyekaribia kujifungua anayo haki ya kusikilizwa, kwa maana juu ya yale yanayotukia ndani ya mwili wake shahidi ni mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Mkunga husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto siku ya kliniki. Siku nyingine zote ni mama ajuaye kama mtoto amecheza au ametulia kupita kawaida. Kichwa kinachouma bila kupoa, macho yanayoona maruweruwe, uso na mikono inayovimba ghafula: hizo ni dalili za shinikizo la damu la mimba, ambalo lisipotibiwa laweza kuleta kifafa cha mimba na kumwua mama pamoja na mwanawe. Damu kutoka ukeni hata ikiwa kidogo, maji kumwagika kabla ya uchungu, homa kali: haya yote hujulikana kwanza kwa mama, kisha kwa wengine, iwapo atasema na iwapo wapo wa kumsikia. Mahakama gani yenye haki humfunga mdomo shahidi wake pekee?

Wahenga walikwisha kunena: mficha uchi hazai. Sijui ni lini tuligeuza hekima hiyo tukawafundisha binti zetu kinyume chake.

Wapo watakaosema kwamba nakuza jambo dogo, kwamba hofu ya mimba ni desturi ya wanawake na huisha mtoto akilia. Hao nawaomba watazame utafiti uliofanyika hapa hapa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2015. Wanawake wajawazito 397 waliulizwa habari za hali ya moyo wao. Takribani theluthi moja, yaani asilimia 33.8, walionekana kuwa na dalili za sonona. Na mambo yaliyoandamana na sonona hiyo yalikuwa yapi? Hofu juu ya mimba yenyewe, mahusiano mabaya na mwenzi, na umaskini. Basi, hebu fikirini jumuiya yenu. Mkiwa na wajawazito sita, huenda wawili kati yao wanabeba mzigo huo wakiwa wameketi kati yenu siku ya sala, wamefunika mabega kwa khanga, wanaitikia nyimbo.

Sipuuzi hata kidogo yaliyokwisha kufanyika. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, vifo vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 vilikadiriwa kuwa 556 katika utafiti wa 2015–16, na 104 katika ule wa 2022. Wanaojifungulia katika vituo vya afya wamefika asilimia 81. Kuna simu ya bure namba 115 ya mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza katika ukanda wetu huu wa Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambayo kwayo mjamzito aliyezidiwa huweza kuitiwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa rasmi, na wagonjwa wa Sengerema na Geita waliokuwa wakisubiri kivuko wakiwa njiani kuja Bugando sasa huvuka kwa dakika chache. Kazi hizo zastahili shukrani ya kila mwenye haki.

Lakini daraja halimvushi mtu ambaye bado amekaa nyumbani akiogopa kusema. Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, walieleza jinsi kifo cha mzazi kinavyopita katika ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika penye msaada, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Fedha za umma zimekwenda zaidi kwa huo wa pili na wa tatu, nayo ni sawa, kwa kuwa barabara na wodi haviwezi kujengwa kwa maneno. Ila ule wa kwanza hukaa jikoni na chumbani. Hukaa katika nyumba ambamo mke hawezi kupiga namba 115 kwa sababu simu iko mfukoni mwa mume, na mume yuko kambini kwa wavuvi. Kwa mwanamke wa Ukara, ambaye kati yake na hospitali kuna maji kabla hata ya kufika Nansio, saa tatu za kusitasita nyumbani zaweza kuwa ndizo saa za uhai wake. Wenyeji wa huko hawahitaji kufundishwa na mtu maana ya kuvuka ziwa. Hawajaisahau tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati ya Ukara na kuua watu zaidi ya 200.

Sasa niseme juu ya zahanati, hospitali na serikali za vijiji, nikijua kwamba baadhi ya wasomaji wangu ni wauguzi na watendaji. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwauliza wanawake waliojifungua kama walitukanwa, walipigwa, walidharauliwa au kutelekezwa. Walipoulizwa wakati wa kutoka kituoni, asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi yao walipofuatwa baadaye na kuulizwa tena wakiwa kwao, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 28. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2014. Zitafakarini hesabu hizo mbili, kwa maana zaeleza kisa chote. Mwanamke akiwa bado chini ya paa la wale waliomzalisha humeza neno. Akiwa mbali nao, hulitapika. Sisemi wauguzi ni watu wabaya. Muuguzi mmoja anayewazalisha wanawake usiku kucha peke yake naye amedhulumiwa, na Tume hii haina budi kumtetea. Hata hivyo, matusi hayaongezi idadi ya wauguzi.

Tena kuna mambo ambayo tumeyabatiza jina la utaratibu. Imeandikwa na watafiti nchini mwetu kwamba wajawazito wamerudishwa mlangoni pa kliniki kwa kuwa hawakuja na waume zao, wakatakiwa walete barua ya kiongozi wa kijiji. Nia ilikuwa njema, kwamba wanaume washiriki. Lakini yule aliyetelekezwa na bwana wake, ambaye kuliko wote alihitaji mtu wa kusema naye, ndiye aliyefungiwa mlango. Baadhi ya vijiji vimewatoza faini waliojifungulia nyumbani. Sijasikia faini aliyotozwa mtu kwa kukosekana kwa mashua. Sera ya nchi yasema huduma ya mjamzito ni bure, na bado mama hujua kwamba atatakiwa aje na glavu, pamba, wembe na mpira wa kutandika. Asiye navyo huahirisha safari yake kwa aibu hadi uchungu umpate njiani. Aliyekunywa dawa ya miti shamba ya kuharakisha uchungu hamwambii mkunga, maana atafokewa, na mkunga asiyejua humtibu gizani. Kila mahali ni ugonjwa ule ule: tumefanya kusema ukweli kuwe na gharama kubwa kuliko kunyamaza.

Nageukia hoja ninayoisikia mara nyingi vijijini Usukumani, kwamba mimba isitangazwe, kwani jicho la hasidi li macho. Hoja hii siichekei, kwa sababu wanaoishika wameona mauti kwa macho yao. Lakini tazameni matunda yake. Mama aliyefichwa hufa, na kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kichwa kilimwuma siku nne, kifo chake huonekana kimetoka hewani. Hapo ndipo huanza kutafutwa mchawi, na katika nchi yetu hii ya Mwanza na Shinyanga twajua wazi ni nani aliyeangukiwa na panga: bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Damu ya vikongwe wetu, ambayo imeaibisha ukanda huu kwa miongo mingi, ina chimbuko lake moja katika ukimya huo. Na huyo bibi, laiti angeruhusiwa kuketi na mkaza mwanawe, huenda ndiye angalimwambia kwamba uvimbe ule si wa kawaida, twende hospitali.

Maandiko Matakatifu yatuhukumu katika jambo hili kwa upole mkubwa. Mwinjili Luka asema kwamba Elizabeti, alipopata mimba, alijificha miezi mitano. Basi siri ya mwanzo inaeleweka, wala Mungu hakumkemea. Lakini katika mwezi wake wa sita Maria, naye mjamzito, alisafiri kwenda milimani, akakaa naye karibu miezi mitatu. Hesabu ni rahisi: ni miezi ile ya mwisho. Tumelitafakari fumbo hilo kwa tasbihi kila Jumatatu na Jumamosi, tumesifu unyenyekevu wa Bikira, lakini ni wangapi kati yetu wametambua kwamba hapo wameketi wanawake wawili wenye mimba, mmoja mzee na mmoja kijana, wakiambiana habari zao kwa majuma kumi na zaidi? Yusufu hatajwi katika ziara hiyo, na Zakaria alikuwa bubu. (Ndugu zangu wanaume wasichukulie hilo kuwa ruhusa ya kunyamaza.)

Jambo hilo limepata kupimwa hata kwa vipimo vya kisayansi. Mwaka 2013 yalikusanywa matokeo ya majaribio saba ya Bangladesh, India, Malawi na Nepal, ambamo wanawake wa kijiji walikutana kila mwezi, wakasemezana matatizo ya mimba na uzazi, wakaamua wenyewe la kufanya. Mahali ambapo angalau theluthi moja ya wajawazito walihudhuria, vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa takribani theluthi moja, na vya akina mama vilipungua pia. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza vikundi vya namna hiyo kwa sehemu za vijijini zenye huduma haba.

Wenzetu walilazimika kuviunda vikundi hivyo. Sisi tunavyo. Tangu maaskofu wa AMECEA walipoazimia katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, kila mtaa na kila kijiji chenye Wakatoliki una watu wanaokutana nyumba kwa nyumba. Jumuiya hiyo hujua nani hajalipa zaka. Hujua nani hajafunga ndoa. Hujua binti gani amepata mimba shuleni, na hulijua hilo upesi mno, ingawa tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu arudi darasani baada ya kujifungua na sisi bado hatujamruhusu arudi kwaya. Je, yajua nani yuko katika mwezi wa nane, na nani atabaki na watoto wake wadogo usiku atakaposhikwa na uchungu?

Wataniuliza padre anatafuta nini katika mambo ya wanawake. Jibu ni kwamba sitafuti kuwafundisha wanawake kuzaa. WAWATA ndio waongoze mazungumzo hayo, pamoja na wauguzi na wakunga walio waamini wa parokia, na wanawake waliokwisha kuzaa, wakiwemo waliofiwa na watoto, ambao mara nyingi huwekwa kando kana kwamba wataambukiza msiba. Asilazimishwe mtu kusema. Yasemwayo yasitoke nje, wala yasifike kwangu. Ninachodai kinawahusu wale wanaoshika funguo na fedha. Halmashauri ya walei itenge chumba na saa moja kila mwezi, isiyogongana na siku ya kliniki wala ya gulio. Kila jumuiya iwe na watu wawili wenye simu watakaokubali kuamshwa usiku kupiga 115, na jina la mwenye mashua katika vigango vya visiwani. Mfuko wa huduma ya upendo ununue glavu, pamba na mipira ya kutandika, zikae kwa mwenyekiti wa jumuiya, zitolewe bila kuuliza kama mama amefunga ndoa. UWAKA wao wana kazi moja kwa kuanzia: katika mkutano wao ujao kila mwanaume ambaye mkewe ni mjamzito aeleze anatazamia kujifungua lini, na ni hofu gani aliyosikia kwa mkewe juma hilo. Asiyejua aende nyumbani akaulize, na mkutano umsubiri.